Kopo la Dawa ya Viatu

Mvua ya kwanza ya Machi ilinyesha usiku, mara moja tu,
ikakatika kama mtu aliyekumbuka kitu jikoni.
Asubuhi shamba la kahawa lilitoboka vitundu,
kumbikumbi wakatoka kwa haraka, na mabawa ya kuazima.
Mama akasema, Leta ndoo, kuku wale.
Nikasema, Naenda mtoni.

Baba angekwenda. Siku kama hii hakuulizwa chai.
Angeshuka Marangu yote kwa njia ya mfereji,
mwanzi begani, kofia ya kanisani kichwani,
na mfukoni kopo la dawa ya viatu
ambalo tangu nizaliwe halijang'arisha kiatu.

Ndani yake wadudu wa uongo, thelathini na mmoja:
shingo ya jogoo, singa za mbuzi,
uzi uliofumuliwa kwenye sweta la mtumba la Kiboriloni,
ndoana ndogo kuliko ukucha wa mtoto mchanga.
Alijifunzia hotelini, akiwa kijana wa kubebea wageni vikapu,
akaendelea hata wageni walipoacha kuja.
Bibi hakuwahi kuonja samaki wake.
Nyoka mwenye mapezi, alisema,
na sufuria ile ikalala nje.

Wale wadudu aliwapa majina ya wanakwaya.
Ndeanasia, mweusi, mnene, wa maji ya jioni.
Elifuraha, mwekundu kifuani, huelea hata kwenye povu.
Nsiande wa sauti ya pili: samaki humfuata,
halafu hughairi.
Kijiji kizima kilijua.
Jumapili kwaya ikisimama, baba alisoma dari.

Nimesimama, maji magotini.
Juzi yalikuwa barafu, na hayajasahau.
Mto bado u mweupe; kesho kutwa utakuwa chai ya maziwa.
Trauti yuko nyuma ya jiwe, uso kwenye mkondo,
kama karani anayesubiri mafaili yamjie.
Duara moja. Kimya. Duara.

Kurusha si kutupa, baba alisema.
Peleka mkono nyuma kama unayemuaga mtu,
ngoja aondoke kweli,
ndipo umgeukie aliye mbele.

Nilimpa Ndeanasia. Hakumtaka.
Nilimpa Elifuraha. Alikula kumbikumbi wa kweli
kushoto, akala kulia,
akamwacha wangu apite katikati
kama mhubiri wa stendi.

Chini kabisa ya kopo, ndani ya pamba,
alikuwepo mmoja wa kahawia, bawa limelegea.
Simjui jina.
Nikamrusha, akaenda kwenye mfuruanje.
Nikapanda, nikamnasua, nikamrusha:
mfuruanje, tawi lilelile.
Mara ya tatu nilirusha kwa hasira,
vibaya, nyuma haijanyooka,
akatua karibu na jiwe kama kitu kilichoanguka chenyewe.
Na uzi ukawa hai.

Alikuwa na madoa kama pilipili manga,
na mengine mekundu, kana kwamba mtu alijaribu kalamu.
Sikumrudisha. Mimi si mgeni wa hoteli.

Mama alimpasua kwenye karai.
Tumbo limejaa mabawa, mabawa tu,
yamepangika kama kurasa zilizolowa.
Umemshika na nani? akauliza.
Si na nini. Na nani.
Nikamwonyesha.

Akafuta mikono kwenye kanga, akamweka kiganjani,
akampeleka dirishani kwenye mwanga.
Huyu ni Aikande, akasema.
Lilikuwa jina lake mwenyewe; hata mimi
ni nadra kulisikia.
Alilalamika kila akinirusha napanda miti.
Akacheka kidogo, puani.
Hakuniambia kama niliwahi kushika kitu.

Akamchomeka kwenye upindo wa kanga, upande wa ndani,
akageuza samaki.
Nje kuku walikuwa wameshiba,
na bado walikimbiza mabawa yasiyo na mwenyewe.